Gari liachwe wapi wakati wa safari ndefu ya miguu?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wapenda safari ndefu za miguu hulikumbuka dakika za mwisho, nalo ni mahali pa kuliacha gari kwa siku kadhaa. Uwanja wa kuegesha ulio mwanzoni mwa njia mara nyingi hauna mlinzi wala taa, na wezi wanajua fika kwamba mwenye gari hatarudi upesi. Vipande vya kioo vilivyotapakaa ardhini ni onyo tosha. Wapo wanaoacha nyuma ya kioo cha mbele karatasi yenye tarehe ya kurejea, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kumkabidhi mwizi ratiba. Taarifa hiyo apewe askari wa hifadhi au jamaa aliyebaki nyumbani. Ni afadhali kumlipa mwenye nyumba ya wageni iliyo jirani ili gari likae uani kwake, au kuliacha mwisho wa njia na kupanda basi hadi mwanzo, ili mtu atembee kulielekea gari lake bila kubanwa na saa za basi. Wasimamizi wa hifadhi nao waandike waziwazi kwenye kibao muda unaoruhusiwa kuegesha, kwani wengine hurudi wamechoka hoi na kukuta gari limeshakokotwa.

Mpenda safari za miguu