Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa: Medali Isihesabiwe Kuwa Raundi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ninakuandikia hadharani nikiwa kocha ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuwaandaa mabondia wa ridhaa, na ambaye nimewasindikiza baadhi yao hadi kwenye ngumi za kulipwa. Ombi langu ni moja. Ofisi yako inapoombwa kuidhinisha pambano la bondia aliyetoka ridhaa akiwa na medali kifuani, naomba izitazame raundi alizokwisha kupigana katika ngumi za kulipwa, na isikubali medali ishike nafasi ya raundi hizo. Siandiki kuwashusha hadhi wenye medali. Nawaheshimu mno, na kwa sababu hiyo hiyo siridhiki ninapowaona wakipandishwa ulingoni kwa jina walilolipata kwingine, kwenda kufanya kazi ambayo bado hawajafundishwa.

Mambo huwa yanakwenda hivi. Bondia anarudi na dhahabu au fedha, jina lake linavuma, na promota anajua kwamba uvumi huo hautadumu. Anataka mkanda upiganiwe haraka, tiketi zikiwa bado zinauzika. Anapokuja mbele ya kamisheni, hoja yake ni kwamba kijana huyu amepigana mapambano mengi sana ya ridhaa, dhidi ya mabingwa wa kila bara, na kwamba kumwanzishia raundi nne ni kumpotezea muda. Hoja hiyo inasikika vizuri, na sehemu yake ni kweli. Kasoro yake ni kwamba mapambano yote hayo, hata yakiwa mia tatu, hayana raundi ya nne hata moja.

Ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu, yaani dakika tisa za kupigana. Pambano la ubingwa la kulipwa ni raundi 12, yaani dakika 36 za kupigana na dakika 11 za kukaa kwenye kiti. Mtu asiyewahi kukaa kwenye kona hudhani kwamba tofauti ni pumzi tu, na kwamba mazoezi ya kukimbia yataimaliza. Pumzi ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Bondia wa ridhaa amefundishwa tangu utotoni kwamba raundi ya kwanza ikimponyoka amebakiwa na mbili tu, kwa hiyo huingia na kasi yake yote tangu kengele ya kwanza, hurusha makonde mengi yanayoonekana wazi na majaji, kisha huchomoka. Hajawahi kuwa na sababu ya kuitoa raundi moja kwa mpinzani ili amsome. Hajui kupumzika akiwa amesimama mbele ya mtu, wala kumlalia mpinzani kwenye kumbatio ili yeye apumue na mwenzake abebe uzito, wala kurudi nyuma hatua mbili bila kuonekana anakimbia. Mambo haya hufundishika, lakini hayafundishiki kwa wiki sita za kambi.

Nitakueleza ninachokiona nikiwa kwenye kona. Raundi tatu za mwanzo huwa safi; miguu ni myepesi, kichwa kinasogea, na kila mtu ukumbini anaelewa kwa nini kijana huyu alipewa medali. Baada ya kengele ya tatu anakuja kukaa, na mwili wake unakuwa kama umefunga hesabu. Mabega yanashuka. Mkono wa kulia, ambao jioni nzima ulikuwa umeegemea shavu, unakaa chini ya kidevu, na ukimwambia aupandishe anaitikia kwa kichwa, anaupandisha, na katikati ya raundi ya nne umeshuka tena bila yeye kujua. Hajaumia wala hana woga. Ni mazoea ya miaka kumi yanayomwambia kwamba kazi imekwisha. Mpinzani mwenye uzoefu wa ngumi za kulipwa, hata awe na rekodi iliyojaa vipigo, anaujua mkono huo na anaungoja. Raundi tatu za mwanzo kwake zilikuwa za kungoja tu.

Halafu kuna mbavu. Kuanzia mashindano ya Olimpiki ya mwaka 1992 hadi ya mwaka 2012, pointi za ridhaa zilihesabiwa kwa majaji kubonyeza vitufe kwa karibu wakati mmoja, na konde la tumboni lilikuwa rahisi kutoonekana. Vizazi vizima vya mabondia vikajifunza kupiga kichwa na kuusahau mwili. Tangu mwaka 2013 ridhaa nayo hutumia mfumo wa pointi kumi kwa kila raundi, ambapo mshindi wa raundi hupewa kumi na mwenzake pungufu, lakini zikiwa raundi tatu tu, konde la ini la raundi ya kwanza halipati muda wa kuzaa matunda. Katika ngumi za kulipwa, konde linalopigwa mbavuni katika raundi ya pili hulipwa katika raundi ya nane, mpinzani anaposhindwa kuinua miguu. Bondia wetu hajui kulipiga, na lililo baya zaidi, hajui kulipokea.

Tofauti za vifaa nazitaja kwa haraka kwa kuwa ofisi yako inazifahamu. Glavu za ridhaa ni za wakia 10 au 12 kulingana na uzito wa bondia. Katika ngumi za kulipwa wengi hupigana na glavu za wakia 8, na wazito za wakia 10. Kofia ya kinga iliondolewa kwa wanaume wa ngazi ya juu mwaka 2013, hivyo mshtuko wa kupigana kichwa wazi umepungua, ila wapo waliokua nayo kichwani tangu utotoni. Upimaji wa uzito ndio unaoleta hila nyingi: ridhaa hupima asubuhi ya siku ya pambano, na ngumi za kulipwa hupima siku moja kabla, kwa hiyo unaweza kuwa umepewa mpinzani wa uzito wako kwenye mizani, na kesho yake ukakutana ulingoni na mtu mzito zaidi kwa kilo kadhaa.

Historia ina mifano ya pande zote, na sitaki kuchagua ile inayonifaa peke yake. Pete Rademacher wa Marekani alitwaa dhahabu ya uzito wa juu mwaka 1956, na tarehe 22 Agosti 1957, katika pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa, alipewa nafasi ya kuwania ubingwa wa dunia dhidi ya Floyd Patterson mjini Seattle. Katika raundi ya pili alimwangusha bingwa. Kisha yeye ndiye aliyeangushwa tena na tena, hadi akapigwa nokauti katika raundi ya sita. Kipaji kilimtosha kwa dakika chache, na kilichokosekana baada ya hapo kilikuwa kile kile ninachokieleza humu.

Vasyl Lomachenko wa Ukraini ndiye anayetajwa na kila promota anayetaka kuruka ngazi. Alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki, za mwaka 2008 na 2012, na katika pambano lake la pili la kulipwa, Machi 2014, aliwania mkanda wa WBO, mojawapo ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, dhidi ya Orlando Salido. Wasiotajwa ni Salido mwenyewe na namna alivyoshinda. Salido alishindwa kushuka hadi kikomo cha uzito cha kilo 57.15, akapanda ulingoni akiwa mzito zaidi ya mpinzani wake, akapiga chini ya mkanda, akakumbatia, akaegemea, na kwa hila hizo zote za mtu aliyezeeka katika kazi akashinda kwa uamuzi wa majaji waliogawanyika. Miezi mitatu baadaye Lomachenko aliutwaa mkanda huo, uliobaki wazi kwa kuwa Salido alizidi uzito, kwa kumshinda Gary Russell Jr., na watu wakasahau somo la Machi. Ikiwa bondia aliyekuwa pengine bora kuliko wote waliowahi kutoka ridhaa alihitaji somo hilo, sioni ni kwa hoja gani tunaamini kwamba wa chini yake hawalihitaji.

Kuna jambo lingine kumhusu Lomachenko, na kwangu ndilo kiini cha barua hii. Kabla ya kuingia rasmi katika ngumi za kulipwa, yeye na Mukraini mwenzake Oleksandr Usyk walipigana katika ligi ya World Series of Boxing, ambako pambano lilikuwa la raundi tano, bila kofia ya kinga wala fulana. Hawakutoka raundi ya tatu wakaenda moja kwa moja kwenye ya 12. Palikuwa na daraja katikati. Usyk naye, aliyetwaa dhahabu mwaka 2012, alianza ngumi za kulipwa mwaka 2013 na akapewa takriban miaka mitatu kabla ya kutwaa mkanda wa WBO wa uzito wa cruiser, ulio chini ya uzito wa juu, Septemba 2016, katika pambano lake la 10. Anthony Joshua wa Uingereza, mwenye dhahabu ya mwaka huo huo wa 2012, aliwania mkanda wa IBF, shirika jingine la ubingwa wa dunia, katika pambano lake la 16. Hakuna anayeweza kusema kwamba wanaume hawa walipotezewa muda.

Ngazi hiyo isigeuzwe kuwa kitanda, lakini. Audley Harrison, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2000, alipelekwa polepole kwa miaka mingi dhidi ya wapinzani ambao wengi wao hawakumfundisha lolote, na alipokutana na wanaojua kazi, mapungufu yake yalikuwa pale pale. Mwaka 2010 David Haye alimmaliza katika raundi ya tatu. Kwa hiyo siombi bondia mwenye medali apewe wapinzani wa kuanguka. Wapinzani wa namna hiyo humdanganya yeye na mashabiki, tena huwaumiza wao wenyewe, na wao pia wako chini ya ulinzi wa ofisi yako. Ninaomba apewe raundi, na mtu wa kumlazimisha azitumie.

Tena, ugumu huu hauonyeshi kwamba ngumi za kulipwa ni bora kuliko za ridhaa. Mwaka 2016, mabondia wa kulipwa waliporuhusiwa kushiriki Olimpiki ya Rio, Hassan N'Dam, aliyewahi kushika mkanda wa WBO wa uzito wa kati, alitolewa katika pambano lake la kwanza tu. Raundi tatu zilimshinda kama 12 zinavyowashinda vijana wetu. Ni kazi mbili, na kila moja ina shule yake.

Mheshimiwa, naomba unisikilize pia kuhusu vichwa vya vijana hawa. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya uzito wa welta mjini Seoul mwaka 1988, na Julai 1994 alifariki dunia kutokana na majeraha ya pambano lake la Las Vegas dhidi ya David Gonzales. Simtaji ili kudai kwamba aliharakishwa, maana alikuwa na miaka kadhaa katika ngumi za kulipwa. Namtaja kwa sababu medali ilikuwa yake kihalali na haikumkinga. Mwenye medali huja kwako akiwa tayari amepigwa kichwani kwa miaka mingi, na makonde hayo hayaonekani kwenye rekodi yake ya kulipwa, inayosomeka sifuri. Katika ridhaa kila bondia ana kitabu chake, na akipigwa nokauti ya kichwa huandikiwa humo mapumziko ya lazima yasiyopungua siku 30. Siku anayosaini mkataba wa kulipwa, mara nyingi kitabu hicho hubaki kwenye droo, kocha wake wa zamani huachwa, na kambi mpya humpokea kana kwamba alizaliwa jana. Daktari wa kamisheni anayempima bila kukiona kitabu hicho anapima nusu ya mtu.

Kwa hiyo naomba kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba leseni ya kulipwa isitolewe kwa bondia aliyetoka ridhaa hadi kitabu chake chote kiwe kimewasilishwa kwa daktari wa kamisheni pamoja na picha za kitabibu za ndani ya kichwa. Ya pili, na ndiyo iliyo kubwa, ni kwamba asiidhinishiwe pambano la raundi kumi asiyewahi kumaliza la raundi sita na la raundi nane, awe na medali au asiwe nayo; na promota anayeamini kwamba bondia wake ni wa kipekee aje mbele ya kamisheni na kocha, waonyeshe kazi ya kambini, raundi kwa raundi, kabla ya tiketi kuanza kuuzwa. Najua mapromota watasema kanuni kama hii itaua biashara. Mwaka 1982, baada ya kifo cha Duk Koo Kim aliyepigana na Ray Mancini, WBC, nalo shirika la ubingwa wa dunia, ilishusha mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mashirika mengine yakafuata. Biashara iko hai hadi leo. Wasimamizi ndio waliofanya uamuzi huo, na wewe pia ni msimamizi.

Mimi na makocha wenzangu wa ridhaa tuko tayari kufika ofisini kwako siku utakayotupangia, tukiwa na vitabu vya mabondia wetu mkononi, kabla ya orodha ijayo ya mapambano kutiwa saini.

Wako katika mchezo,

Kocha wa ngumi za ridhaa