Si kila anayesema ametoa ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna habari za mahakamani zinavyotumia kauli "kutoa ushahidi", kwa kuwa siku hizi inatumiwa ovyo, na wasomaji wanapotoshwa katika jambo linalogusa heshima na uhuru wa watu.

Kisheria, kutoa ushahidi ni kuieleza mahakama kile unachokijua wewe mwenyewe, ukiwa umekwisha kuapa au, kama imani yako hairuhusu kiapo, umethibitisha kwamba utasema kweli. Jirani aliyewaambia waandishi wa habari kwamba alimwona mtuhumiwa akiruka ukuta hajatoa ushahidi. Hata aliyekwenda polisi ameandikisha maelezo tu, na kwa kawaida maelezo hayo hayachukui nafasi ya shahidi mwenyewe kupanda kizimbani na kuyasema kwa kinywa chake. Anayeapa huongozwa na wakili wa upande uliomwita, kisha wakili wa upande wa pili humdodosa: alisimama umbali gani, mwanga ulitoka wapi, alimfahamu mtu huyo tangu lini. Hakimu naye humtazama anavyojibu, na akibainika kusema uongo kwa makusudi anaweza kushtakiwa. Aliyezungumza mbele ya kamera hajapitia lolote kati ya hayo, wala anayetuhumiwa hakupata nafasi ya kumhoji.

Hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu ameyaapia, ina kanuni zake. Mwenye hati huenda asionekane kizimbani kabisa, lakini ameapa na kutia saini mbele ya kamishna wa viapo, na yale aliyoyapata kwa mtu mwingine hutakiwa kueleza ameyapata kwa nani. Kwa hiyo ni sahihi kuandika kwamba "ameapa katika hati yake".

Kuna pia "kushuhudia". Wanaolitumia kwa maana ya kutoa ushahidi hawakosei, ila neno hilo limezoeleka zaidi kwa maana ya kuona tukio likitendeka, na hapo ndipo utata unapozaliwa. Habari ikisema "mjane huyo alishuhudia mauaji ya mumewe mahakamani", msomaji ana haki ya kudhani kwamba mume aliuawa mbele ya hakimu. Kuandika "alitoa ushahidi kuhusu mauaji ya mumewe" kunamaliza shaka yote.

Ombi langu kwa wahariri ni kuanza na vichwa vya habari, kwa maana wapo wengi wasiosoma zaidi ya hapo. Pasipo na kiapo, tuambiwe kwamba mtu huyo "alidai", "aliwaambia waandishi" au "aliandikisha maelezo polisi", na kauli ya "kutoa ushahidi" isubiri hadi siku atakapoapishwa.

Msomaji wenu.