Utafiti kuhusu simu na usingizi usitiwe chuku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze shaka yangu kuhusu habari zinazorudiwa mara kwa mara kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa simu ya mkononi huharibu usingizi. Neno linalonisumbua ni hilo "wamethibitisha".

Tafiti nyingi za aina hii huwauliza watu wanatumia simu kwa muda gani na wanalala vipi, kisha majibu hayo hulinganishwa. Makadirio yenyewe hayategemewi sana, kwani uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Human Behaviour ulionyesha kuwa muda ambao watu husema wanautumia kwenye vifaa vyao mara nyingi haulingani na ule uliorekodiwa na vifaa hivyo. Lakini kwangu tatizo kubwa zaidi ni kutojua kipi kilitangulia. Mimi ni mmoja wa wale ambao usingizi huwapaa usiku wa manane, na hali hiyo ilinianza kabla sijamiliki simu. Zamani nilikuwa nikigaagaa kitandani hadi alfajiri bila kupata hata lepe la usingizi, na siku hizi hushika simu kwa kuwa tayari niko macho. Mtafiti akinihoji leo ataniandika miongoni mwa watu wanaotumia simu sana usiku na kulala vibaya, wala hatakuwa amekosea, ila msomaji wa gazeti ataambiwa kwamba simu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Yapo pia majaribio ya maabara, nayo yanastahili heshima. Mojawapo linalotajwa sana lilifanyika Boston na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2014. Watu 12 walisoma kwa saa 4 kila jioni, siku 5 kwa tableti iliyowashwa mwanga wa juu kabisa ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, na siku 5 nyingine kwa kitabu cha karatasi. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, ilipungua kwa zaidi ya nusu walipotumia tableti, na saa ya mwili ikachelewa. Hata hivyo, walichelewa kusinzia kwa takribani dakika 10 tu. Ni nani kati yetu asomaye hivyo kila siku? Tena kifaa hicho hakikuwa simu.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2007, halikuhusu mwanga hata kidogo. Watu 71 waliwekwa karibu na mawimbi ya redio mfano wa yale ya simu kwa saa 3 kabla ya kulala, ikaripotiwa kwamba walichelewa kufikia usingizi mzito. Mwanga, mawimbi, na yale tunayoyasoma yakatutia wasiwasi ni mambo matatu tofauti, yenye ushahidi usiolingana, lakini habari nyingi huyachanganya kana kwamba ni hoja moja.

Halafu kuna suala la ukubwa wa athari. Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford alichambua takwimu za makumi ya maelfu ya watoto wa Marekani, akakuta kwamba kila saa moja ya kutazama skrini iliambatana na upungufu wa dakika 3 hadi 8 za usingizi. Kichwa cha habari kisemacho "Skrini zawanyima watoto usingizi" hakimwambii mzazi kwamba ni dakika chache kiasi hicho.

Kwa hiyo naomba waandishi wenu, kila wanaporipoti utafiti wa namna hii, waeleze ni watu wangapi walioshiriki, kama matumizi yao ya simu yalipimwa au walikadiria wenyewe, na usingizi uliopotea ni wa dakika ngapi. Wako wasomaji wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini, na wengine wanaokeshwa na maumivu au huzuni. Watu hao wakishawishika kwamba dawa ni kuiacha simu sebuleni, watachelewa kumwona daktari.

Ni mimi msomaji wenu.