Taarifa ya mwenyekiti: mwaka ulionuka siagi

Mugonile wote, na wale wa Iringa na Njombe, kamwene. Taarifa imechelewa, najua, mweka hazina kanikumbusha mara tatu na mara ya tatu hakutumia lugha nzuri. Hesabu za michango atazileta mwenyewe, mi naongelea bia tu, hizi tunazopika wenyewe majumbani, na zaidi ya yote naongelea hamira maana ndiyo iliyotugombanisha mwaka mzima.

Nianze na la aibu. Ile laga (bia inayochachishwa kwenye baridi) ya Julai tuliyopikia kwangu Uyole, hapa Mbeya, ndoo mbili za lita ishirini ishirini, ambayo kuna mtu aliuliza mbele ya wageni kama nimepaka glasi siagi. Kosa lilikuwa langu, sio la kimea wala maji kama nilivyokuwa najitetea siku ile. Ilikuwa hivi: togwa (wageni mtusamehe, ndivyo tunavyoita maji ya kimea kabla hayajawekewa hamira) lilikuwa bado linasoma nyuzi 24, giza limeingia, watu wanataka kuondoka, nikasema weka tu hamira itajijua yenyewe mbele ya safari, tena pakiti moja kila ndoo maana niliona pakiti mbili ni kufuja hela. Halafu usiku ule ule nikazibeba ndoo nikazipeleka stoo ambako asubuhi kulikuwa na nyuzi 11. Sasa fikiria hamira wachache, wameamkia kwenye joto wakaanza kuzaana kwa fujo, halafu ghafla wanamwagiwa baridi ya Uyole ya Julai. Wakalala.

Kitu kinachonuka siagi kinaitwa diasetili. Hamira ikiwa inakua inaachia malighafi yake ndani ya bia, malighafi hiyo baadaye inageuka diasetili, halafu hamira ile ile ikiwa bado ina nguvu na joto la kutosha inairudia na kuila mpaka inaisha. Ndo maana laga karibu na mwisho wa kuchacha unaipandisha mpaka nyuzi 16 au 18 siku mbili tatu, ndo uishushe kwenye baridi. Mi sikupandisha. Niliona povu limetulia nikajaza chupa.

Na kinachoniuma ni kwamba dada yetu wa Mwanjelwa aliniambia mapema nifanye jaribio la glasi mbili, nikamjibu kwamba sisi sio maabara. Nalieleza hapa ili asiwepo mwingine wa kumjibu hivyo. Unachota bia kwenye glasi mbili, moja unaifunika unaiweka kwenye sufuria ya maji ya moto kama nyuzi 60 hivi, nusu saa, nyingine unaiacha. Kisha unaipoza ile ya moto mpaka zilingane, unanusa moja baada ya nyingine. Ile iliyopashwa ikinuka siagi, au zile bisi za sinema, basi bia bado, iache na hamira yake usiiguse. Nilikuja kulifanya Agosti na chupa iliyobaki, sikuhitaji hata kuinamia glasi.

Haya, kuhusu aina za hamira ya laga. Mnajua kundi liligawanyika, wa W-34/70 na wa S-23, ndo majina yake kwenye pakiti. Msimamo wangu sasa ni huu na sio siri: kwa mazingira yetu, mtu asiye na friji yenye themostati (kifaa cha kushikilia joto pale unapolitaka) achukue W-34/70. Ni hamira ya Weihenstephan kule Bavaria, Ujerumani, inatumika kwenye viwanda vingi sana duniani, na uzuri wake inavumilia, wenye kuitengeneza wanasema nyuzi 12 mpaka 18, na stoo zetu za Mei hadi Agosti mchana na usiku zinachezea karibu na humo humo. S-23 sio mbaya, asili yake Berlin, ila ina matunda matunda hasa ukiiachia joto, na ndugu yetu wa Makambako anaipenda kwa sababu hiyo hiyo, basi aipende, ila asituletee kwenye pipa la pamoja akituambia ni pilsna, ile laga nyepesi isiyo na matunda. S-189, ya asili ya Uswisi, aliijaribu mtu mmoja tu, ilitoka safi kabisa na ina kimea kidogo mdomoni, mwakani tuipe nafasi.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusubiri miezi ya baridi kama wakulima. Lakini hata wenye laga yao kule Bavaria waliisubiri, mwaka 1553 mtawala wa Bavaria Albrecht V alipiga marufuku kupika bia kuanzia 23 Aprili mpaka 29 Septemba maana ya kiangazi ilikuwa inaharibika, na kwa kupika kwenye baridi tu ikawa hamira inayopenda baridi ndo inashinda. Hamira yenyewe ni chotara, mzazi mmoja ni ndugu wa hii ya maandazi, mwingine hakujulikana mpaka 2011 alipopatikana kwenye misitu ya Patagonia kule Argentina. Wazee wa ulanzi, pombe ya mianzi, wakisikia tunanunua hamira kwa pakiti wanatucheka, wao ulanzi unajichachia, lakini ulanzi hauhitaji kukaa wiki sita ukiwa msafi.

Kiasi cha hamira. Wenye kuitengeneza wanasema gramu 80 hadi 120 kwa lita mia, yaani ndoo ya lita 20 inataka gramu 16 hadi 24. Pakiti ina 11.5. Kwa hiyo ni mbili, mjadala umefungwa, na aliyefunga mjadala ni yule yule aliyeweka moja. Halafu togwa lipozwe kwanza mpaka karibu na joto la kuchachia, hata kama ni kulala nalo limefunikwa vizuri mpaka asubuhi.

Jambo la mzigo. Pakiti za mwezi wa tatu zilitoka Dar zikakaa ofisi ya basi siku nne kwenye joto, na tukazipokea zikiwa laini kama pakiti ya sabuni iliyoloa. Safari ijayo mzigo unapandishwa usiku na mtu wetu anasubiri stendi, hatuachi tena kwa maneno ya "kesho njoo".

La kuchemsha nalipitia haraka: hapa Mbeya tuko mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, kwa hiyo kimea cha pilsna kipewe dakika 90 bila mfuniko la sivyo bia inanuka mahindi ya kuchemsha, na hopsi (yale maua ya kuitia bia uchungu) nazo uchungu wake unatoka kidogo, ongezeni.

Tuliyokubaliana kwenye kikao cha Oktoba: chama kitashika aina moja, W-34/70, na tutakuwa tunaitumia tena na tena. Bia ikishatolewa, lile tope jeupe la chini linaingia kwenye chupa ya glasi iliyochemshwa, mfuniko usikazwe, friji, na litumike ndani ya wiki mbili. Tusivuke mizunguko minne. Tope la bia nzito au iliyonuka vibaya linamwagwa, la Julai nilimwaga kwenye migomba, migomba haijalalamika. Harufu ya yai bovu isiwatishe, hiyo laga huwa nayo na inaondoka ikikaa kwenye baridi.

Themostati ya friji ya chama imenunuliwa, ndo ile hela mliyouliza imeenda wapi. Umeme ukikatika msifungue friji kuchungulia, kuna mtu namjua anafungua kila baada ya dakika kumi.

Pakiti mpya ziko kwenye friji yangu rafu ya juu, nyuma ya maziwa. Chukueni mbili mbili, andikeni jina kwenye daftari, na mkija njooni na chupa zenu za glasi, safi, sio zile za asali zenye asali.