Sava yangu iko juu ya kreti la soda na haijala LUKU ya mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe la moyoni. Gazeti lenu nalisoma tangu enzi nalikuta limefungia maandazi, siku hizi nanunua kabisa, ila ule ukurasa wenu wa teknolojia mh! Kila wiki simu mpya, kamera tatu, kamera nne, bei milioni na ushee, sijui mnamwandikia nani maana huku kwetu Tabata mtu akipasua kioo anatembea nacho hivyo hivyo mwaka mzima. Siku moja basi andikeni kuhusu sisi tunaookota laptopu zilizokufa kioo tukazigeuza sava. Najua mtaniuliza sava nyumbani ya nini, kwani wewe benki? Hilo swali ameshaniuliza hadi shemeji yangu mbele ya wageni, kwa hiyo ngoja nieleze mwenyewe kabla hamjanicheka.

Sava ni kompyuta tu, haina maajabu, kazi yake ni kukaa macho muda wote ikisubiri kompyuta nyingine au simu ziiombe kitu iwape. Picha, nyimbo, faili za kazi, chochote. Hakuna sheria inasema lazima iwe kwenye chumba chenye AC na mlinzi. Yangu ni laptopu ya ThinkPad ya zamani, kioo kilishapasuka, kibodi haina herufi tatu, nilinunua kwa fundi Kariakoo elfu sabini baada ya kubishana nusu saa, na imekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa maana yale matundu ya kreti yanapitisha hewa vizuri kuliko meza yoyote. Pembeni kuna rauta, kale kasanduku kanakogawa wifi, hadidiski ya nje ya kuhifadhia faili, na ekstensheni. Basi, hiyo ndiyo data senta yenyewe.

Lakini sikuanzia hapo, na hapa ndipo penye kisa. Nilianza na kompyuta ya mezani, lile sanduku kubwa, ofisini walikuwa wanatoa vitu stoo nikaomba nikapewa bure, nikabeba kwenye bajaji nikiwa na furaha kama nimeshinda bahati nasibu. Nikaiwasha ikanguruma kama mashine ya kusaga, nikaiacha inawaka usiku na mchana. Sasa sisi ni wapangaji sita mita ya LUKU moja, ule umeme wa kulipia kabla, tunachanga elfu kumi na tano kila chumba, inakuwa elfu tisini, na kwa kuwa tunavuka uniti 75 kwa mwezi ule umeme wa bei chee tunausikia kwa watu, sisi elfu moja inatupa uniti 2.8. Elfu tisini zile ni kama uniti 252 na huwa zinafika mwisho wa mwezi bila shida. Mwezi ule ziliisha tarehe 24.

Tarehe 25 asubuhi kikao uani. Mama mwenye nyumba ndiye mwenyekiti, mi nimesimama na mswaki mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi mwanangu, hicho kidude chako kinalala saa ngapi?"

"Hakilali mama."

"Hakilali! Na sisi tutalalaje?"

Nikajitetea sana, nikasema kompyuta haili umeme, mnanionea, labda friji la chumba cha tatu. Kumbe wao ndio walikuwa sahihi, naomba hili niliseme wazi. Nilienda kununua kale kakifaa ka kuchomeka ukutani kanakoonyesha wati, nikachomeka lile sanduku, likasoma 90. Wati 90 mara saa 24 ni 2,160, na uniti moja ni 1,000, yaani uniti 2.16 kwa siku, mara siku 30 inakaribia uniti 65, kwa bei yetu ni elfu ishirini na tatu na mia moja. Nilikuwa nawalisha majirani zangu hasara bila kujua. Nikalipa ile tofauti, nikalipeleka sanduku kwa mtu wa chuma chakavu, nikakaa wiki mbili nimenuna.

Ndipo nikajua siri ambayo ningeambiwa mapema ningeokoa pesa na heshima: sava ya nyumbani usitafute kompyuta yenye nguvu, tafuta inayokula kidogo, na laptopu imetengenezwa iishi kwa betri kwa hiyo ni ya kubana matumizi tangu inazaliwa. Halafu betri yenyewe ni bonasi, umeme ukikatika haizimi papo hapo. Zile sava za makampuni wananunua UPS, lile libetri la akiba, ya mamilioni, mi yangu imekuja na UPS tumboni.

Basi laptopu ilipokaa sawa nikaitisha kikao mwenyewe safari hii. Nikachomeka kile kipimo mbele ya watu wote, laptopu na rauta kwa pamoja, ikasoma wati 20. Watu wanaangalia tu hawajaelewa. Nikamwambia shangazi wa chumba cha kwanza, shangazi naomba pasi yako. Akaleta. Nikachomeka ile namba ikaruka mpaka 1,180. Nikawaambia sasa tupige hesabu, shangazi akipiga pasi nusu saa amekula uniti 0.59, sava yangu siku nzima kuanzia asubuhi mpaka asubuhi inakula 0.48. Kimya! Mama mwenye nyumba akaiangalia ile pasi kisha akamwangalia shangazi, akasema kumbe mwizi tunaye. Masikini shangazi alinuna kweli, na hakuwa na kosa lolote, nguo si lazima zinyooshwe. Kwa mwezi yangu inakuja kama elfu tano na mia moja, nikasema naongeza elfu sita juu ya mchango wangu na wifi ya sava watumie wote. Tangu siku hiyo hakuna kikao.

Na hapa kuna jambo nimegundua wengi hawalijui, wanachanganya wifi na intaneti. Rauta haihitaji bando ili simu iongee na sava iliyo chumba cha pili. Bando ni la kutoka nje ya nyumba tu, kama ambavyo huhitaji nauli kwenda jikoni. Watoto wa hapa uani wanaingia kwenye sava kwa simu za mama zao bila senti moja na wanakuta Wikipedia ya Kiswahili nzima, ipo programu ya bure inaitwa Kiwix, unashusha faili mara moja unakaa nayo, na hii ya Kiswahili ni ndogo inaingia kwenye flashi ya kawaida. Ile ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 90, hiyo niliishusha kidogo kidogo kwa bando la usiku kwa wiki kadhaa nikiomba Mungu isikatike. Video za harusi ya dada yangu ya 2009 zilikuwa kwenye DVD zimeanza kufanya ukungu, nimezihamishia humo, kuna programu nyingine ya bure inaitwa Jellyfin inazipanga vizuri na unazitazama kwenye simu au tivii. Mama alipojiona anacheza kwaito na kilemba kile cha zambarau kichwani alicheka mpaka machozi.

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za baharini zinazoleta intaneti, za EASSy na Seacom, zilikatika kule upande wa Afrika Kusini, nchi nzima intaneti ikawa inatambaa, watu wanazima na kuwasha simu kama vile shida iko kwenye simu. Sisi uani kwetu tulikuwa tunaangalia harusi. Sisemi sava yangu ni mbadala wa intaneti, hapana, pesa kwenye simu zilisumbua kwetu kama kwa wengine, ila nilimwona yule kijana wa chumba cha nne ambaye siku zote ananitania eti "bwana data senta" amekaa kwenye ndoo anasoma makala za Wikipedia kuhusu popo. Popo! Sikumuuliza.

Kuiunga sava yenyewe nisiwadanganye, kuna kulia kidogo. Kioo kimekufa kwa hiyo nilichomeka tivii kwa waya wa VGA, nikaweka Debian, hii ni Linux ya bure, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ipo tangu 1993, hailipiwi na haikuombi kadi ya benki. Ikakubali siku hiyo hiyo. Nikafunika laptopu nikaenda zangu kazini nikijiona injinia, mchana najaribu kuiita kwa simu haipatikani, narudi jioni kumbe ukifunika inalala! Inabidi uingie kwenye faili la mipangilio linaitwa logind.conf ubadilishe mstari mmoja uiambie ikifunikwa isijali. Mstari mmoja na ulinichukua siku mbili.

Halafu hiyo ya kuiita ukiwa nje ya nyumba ni somo lingine. Anwani za intaneti za zamani ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima na zimeshakwisha, kwa hiyo makampuni ya simu mengi yanawapa wateja wengi anwani moja. Ni kama sisi tulivyokuwa shuleni na S.L.P. moja ya shule, ukiandika barua jibu lako litarudi maana mwalimu anajua nani aliandika, ila mtu wa nje akituma tu bila jina mwalimu hajui ampe nani, anatupa. Sava iliyo nyuma ya S.L.P. ya namna hiyo haigongewi hodi. Dawa yake ni sava yenyewe ndiyo ianze kuandika barua, unaweka programu kama Tailscale inachimba kanjia kake salama mpaka kwenye simu yako. Na ni afadhali hivyo, maana ukiifungua sava wazi kwa dunia nzima ndani ya saa chache utaona kwenye kumbukumbu zake watu na programu zinazojiendesha zenyewe wanajaribu paswedi za kila aina, admin, 123456, hawachoki.

Sasa makosa yangu mawili, muyaandike hata kwa herufi nzito. La kwanza betri. Laptopu kukaa imechomekwa mwaka mzima kwenye asilimia mia na joto letu hili la Dar, betri ikavimba, nilishtuka ile sehemu ya kugusa kwa kidole imenyanyuka kama andazi. Betri iliyovimba siyo ya kuchezea, inaweza kushika moto, usiibonyeze wala usiitoboe. Niliitoa nikanunua nyingine na sasa nimeiwekea kikomo, ikifika asilimia 80 haichaji tena, ThinkPad nyingi zinakubali hilo. Na kreti halikai tena karibu na pazia.

La pili linaniuma mpaka leo. Nilihamishia picha zote za simu kwenye sava nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi, nikajisifu kweli. Hadidiski ilikuwa mtumba, nilitoa kwenye king'amuzi kibovu, na usiku mmoja nikaisikia inalia tik, tik, tik, kama mjusi yuko ukutani. Nilidhani ni mjusi kweli, nikalala. Asubuhi haisomi. Miezi mitatu ya picha za mwanangu anaanza kutambaa hadi anasimama zikaenda na maji. Kuna kitu kinaitwa SMART, diski yenyewe inajirekodi afya yake, ningeiuliza huenda ingeniambia mapema kwamba imeanza kuoza sehemu. Sasa hivi kila kitu kina nakala, moja hapa, moja kwenye diski ya nje, ya tatu iko kwa kaka Kigamboni na kila nikienda Jumapili naibeba kwenye mfuko wa rambo pamoja na samaki.

Kwa nini naandika leo? Kwa sababu Windows 10 imeachwa kupewa masasisho ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na kompyuta nyingi haziwezi kupokea Windows 11, nazipita maofisini naona zimerundikwa kwenye korido zinasubiri mtu wa chuma chakavu. Nzima kabisa! Nyingine zina kioo. Mhariri, mna waandishi, mtumeni mmoja aje hapa Tabata nimfundishe bure, aandike mwongozo wa kurasa mbili na bei halisi za Kariakoo, uone kama barua hazitamiminika. Aje na maswali ya ukweli siyo ya kutafuta kichwa cha habari. Chai ipo.

Naishia hapa maana umeme umekatika nikiwa naandika. Laptopu ya kwenye kreti bado taa ya kijani inawaka, rauta ndiyo imezima kwa kuwa haina betri, kwa hiyo sava ipo macho ila hakuna anayeweza kuifikia. Hilo sijalitatua. Nasikia kuna waya wa kupandisha pawabenki itoe volti 12 za kuwasha rauta, nimezunguka maduka manne wananiletea chaja ya simu. Msomaji mwenye kujua unapouzwa aandike hapa hapa gazetini, nitasoma.

Msomaji wenu,
chumba cha uani, Tabata, Dar es Salaam