Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: tumsomee khitma siku gani?

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Ombi la faharasa ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza

Baba wa babu yangu alichukuliwa kijijini kwao, katika milima ya Uluguru, mwaka 1917, yaani mwaka mmoja baada ya Waingereza kuingia Morogoro, akatwishwa mzigo wa jeshi kuelekea Rufiji na hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake, ambaye alimkabidhi mama wa babu kisahani cha bati chenye namba yake ya jeshi na tundu la uzi, akaeleza kwamba mumewe alishikwa na kuhara damu njiani, wakamwacha kambini. Hakutamka kwamba amekufa. Kwa sababu hiyo yule mama hakukaa eda wala hakuweka matanga, na babu alituhadithia kwamba mama yake mpaka anafariki hakukubali mlango utiwe komeo usiku.

Kisahani ninacho mimi. Tarakimu nne za mwanzo zinasomeka vizuri. Ya tano imelika, na nikiielekeza kwenye mwanga wa dirisha naiona mara 3, mara 8.

Nimeanza na namba kwa sababu jina limenishinda. Sisi Waluguru hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo ukoo wetu wazao wake si ukoo wake. Naye alikuwa na jina la utotoni, akawa na jingine aliposilimu, na karani wa jeshi aliandika alilolisikia. Ofisi moja niliyoiendea ilinitaka kwanza nilete cheti cha kifo, ndipo nisaidiwe kukitafuta kifo chenyewe.

Unaifahamu sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake, lakini hayana jina hata moja la mpagazi. Kutoka hapo hadi Kariakoo, mtaa ulioitwa hivyo kwa ajili ya kikosi chao cha Carrier Corps, ni mwendo mfupi wa miguu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Naomba, Ndugu Mkurugenzi, majalada ya utawala wa Kiingereza na vitabu vya wilaya vilivyo chini yako vipitiwe, na kila mpagazi anayetajwa humo aingizwe katika faharasa moja inayotafutika kwa namba ya kisahani, kwa jumbe na kwa kijiji, si kwa jina peke yake. Naomba pia idara yako iombe nakala za kumbukumbu za wapagazi zilizoko Nairobi na London, kwa kuwa nauli ya kuzifuata huko hatuna.

Kisahani nitakileta mwenyewe siku utakayonipangia, kipigwe picha kwa taa nzuri kuliko yangu. Ikipatikana tarehe, au hata mwezi na jina la kambi, tutajua khitma yake tuisome lini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Kitukuu wa mpagazi, Morogoro