Daftari tupu la mtoto wa maandalizi

Mhariri,

Kila ukikaribia mwisho wa muhula, wazazi wa skuli yetu ya maandalizi hutuletea lalamiko lile lile: daftari la mtoto limerudi nyumbani karibu tupu, na mwenyewe akiulizwa amesoma nini leo hujibu kwamba amecheza. Mzazi anayemwamsha mtoto alfajiri na kumlipia ada ana haki ya kuuliza. Naomba nafasi nieleze kwa nini daftari si mahali pa kutafuta alichojifunza mtoto wa miaka minne au mitano.

Kumwacha mtoto achague kazi yake, kama tunavyofanya darasani kwetu, si jambo geni Zanzibar. Mradi wa madrasa za awali, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, ulifika hapa mwaka 1990, ukiwa umeuchukua mfumo wa kufundishia watoto wadogo wa HighScope, wa Marekani, na kuuvisha kanzu: nyimbo na hadithi za Kiswahili, mafunzo ya dini, na vifaa vya kuokota nyuma ya nyumba, kama vifuu, vizibo vya soda na kokwa za embe. Mtoto husema mapema atafanya kazi katika kona gani ya darasa, kila kona ikiwa na vifaa vyake vya kuchezea, huifanya, kisha hurudi mkekani kuwasimulia wenzake alichofanya na kilichomshinda. Wengi hudhani kwamba muda wote huo mwalimu amekaa akisubiri kengele.

Msichana mmoja wa darasa langu alishika kona ya duka kwa wiki mbili mfululizo, nami, kusema kweli, nilianza kuingiwa na wasiwasi. Kumbe alikuwa akiwauzia wenzake kokwa za embe kwa vizibo, na kugombana nao juu ya chenji. Kuhesabu vitu na kulinganisha wingi ni mambo yaliyomo katika mtaala, kwa hiyo nilimwongezea vizibo, nikawa namuuliza maembe matatu ni vizibo vingapi ikiwa kila moja ni viwili, kisha nikampa kibao na chaki. Siku ya tatu alinijia mwenyewe akitaka kujua 5 inaandikwaje, kwa sababu wateja walikuwa wakimdhulumu. (Bibi zetu waliocheza mdako walijumlisha na kutoa kokoto bila ya mtaala wowote, lakini hilo tuliache.)

Kazi hii ni ngumu kuliko kuimbisha herufi. Inamtaka mwalimu aujue mtaala kiasi cha kuutambua ndani ya ugomvi wa chenji, na amwandikie kila mtoto alichokiona kwake. Kwa watoto 25 inawezekana. Kwa watoto 80 na mwalimu mmoja, kona hugeuka vurugu, na simlaumu anayerudi ubaoni na a, e, i, o, u.

Linalotuumiza zaidi ni usaili wa kuingia darasa la kwanza unaofanywa na baadhi ya skuli za binafsi, ambako mtoto hupewa karatasi asome na kuandika, kana kwamba darasa hilo ameshalimaliza. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliyaingiza maandalizi katika mfumo rasmi wa elimu, na siamini kwamba ilikusudia yawe darasa la kwanza lililowahishwa. Kwa kuuogopa usaili huo, walimu huwanakilisha watoto herufi na sentensi kurasa kwa kurasa, daftari likajaa na mzazi akaridhika, ilhali mtoto hawezi kueleza hata sentensi moja aliyoiandika.

Naiomba Wizara iuzuie usaili wa kusoma na kuandika kwa watoto wa umri huo. Wazazi nao nawaomba waje asubuhi moja tu, wakae nasi mkekani wakati wa kusimulia, wamsikilize mtoto wao akieleza kwa nini mnara wake wa vifuu uliporomoka na kesho ataujenga vipi.

Mwalimu wa maandalizi,
Unguja